Usijisumbue Kuyaosha

Kipara alikuwa kinyozi, na kichwani mwake hakukuwa na unywele hata mmoja. Jina hilo wateja walimpa bila kuumiza vichwa vyao. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, kimoja kizima na kingine cha watu wasio na haraka, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na redio ambayo haikuwahi kuruhusiwa kumaliza taarifa ya habari kwa sababu mwenye duka alikuwa na maoni. Alikuwa na maoni kuhusu siasa, kuhusu ndoa za watu, kuhusu bei ya saruji, na kuhusu madaktari, ambao kwa mujibu wake walikuwa wanabahatisha tu. Mtu aliingia pale kupunguza nywele, akatoka amepunguziwa na akili.

Lakini kazi aliijua, tumpe haki yake. Tena alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: hakunyoa kichwa kichafu. Hata ungeingia umetoka kuoga, nywele bado zinachuruzika maji, ungeinamishwa kwenye sinki. Kwanza maji ya moto, halafu sabuni, halafu vidole kumi vikisugua mpaka mteja afumbe macho asahau shida zilizomleta mjini, halafu maji baridi, halafu taulo. Vinyozi wengine wa mtaa ule waliona huko ni kupoteza muda. Kipara aliwaonea huruma, wala hakuificha.

Jambo la pili la kujua juu yake ni kwamba alilelewa vizuri mno, na malezi yakizidi ni ugonjwa. Nyumbani kwa mama yake, mtu akisema "nimeshiba" alihesabiwa kuwa ana njaa ila anaona haya. Akisema mara ya pili, basi ana njaa sana. Mara ya tatu hakusubiriwa aseme, sahani ilishajazwa mbele yake. Mgeni akisema "msinisindikize", nyumba nzima ilivaa viatu. Jirani akisema "usijisumbue", ulikuwa wajibu wako kujisumbua mpaka mgongo uume. Aliyeyachukua maneno ya mwenzake kama yalivyotamkwa aliambiwa hana malezi, na mama hakuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa kielelezo cha adabu hiyo. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na kila alipokuja kuwatembelea alisema ameshiba. Walimpakulia. Alikula chote, polepole, macho ukutani, na Kipara alikuwa akimnong'oneza mkewe kwamba haya ya dada yake ni ya daraja la kwanza, siku hizi haipatikani tena.

Sasa tuje kwa alpaka. Siku moja meneja wa hoteli fulani ya milimani, hoteli iliyokuwa inafungwa, alikaa kwenye kile kiti kizima akalalamika. Alisema amebaki na vitanda, mafriji na alpaka watano walioletwa kuwafurahisha wageni, na kwamba vitanda na mafriji vimeshapata wateja. Kwa ambaye hajapata kumwona, alpaka ni ndugu yake ngamia aliyeghairi nundu akachagua manyoya. Ana shingo ndefu, masikio yaliyosimama, mwili uliovimba kwa manyoya laini, na uso wa mtu aliyesikia ulivyomsema. Kipara, ambaye alikuwa akisema hakuna kiumbe chenye nywele asichokijua, alitahayari kidogo, na siku yake ya mapumziko akapanda mlimani kwenda kuwaona.

Alimkuta jike mmoja mkubwa, mweupe, manyoya ya paji yamemfunika macho yote mawili, anajigonga kwenye nguzo ya uzio. Kinyozi gani ataliona hilo akalivumilia? Mkasi ulikuwa kwenye mfuko wa shati, mahali pake pa siku zote. Akamshika taya, akampunguza mbele, kidogo huku, kidogo kule, akirudi nyuma kutazama kama pamelingana. Yule jike akafumbua macho meusi makubwa akamtazama. Ndipo Kipara akazamisha vidole kwenye shingo yake, na vidole vikapotelea humo, kwenye ulaini ambao hakujua kama upo duniani. Meneja alikuja kusimulia baadaye kwamba kinyozi alinyamaza, tena akanyamaza muda mrefu, mpaka yeye meneja akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Kipara akampa yule jike jina la Mheshimiwa, kwa sababu aliwatazama watu kama yuko jukwaani nao wako juani.

"Unataka kufuga nini?" mkewe aliuliza jioni. Mkewe alikuwa muuguzi, alikuwa ametoka zamu, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Alpaka."

"Wanaliwa?"

"Hawaliwi. Wananyolewa."

Mkewe alikitazama kile kichwa kinachong'aa kwa muda. "Kwa hiyo binadamu wamekuchosha. Unataka wateja wasioweza kuondoka."

"Ni biashara, mama watoto. Na ni kitu roho inapenda. Mara ngapi mtu anavipata vyote viwili pamoja?"

"Wengi ninaowaona wanakipata kimoja, halafu wanakitumia kukipoteza kingine," mkewe alisema, akajiongezea maji ya moto.

Pikipiki yake iliuzwa kupata pesa ya kuwanunua. Pa kuwaweka wanyama palikuwepo: shamba la marehemu baba yao, nje ya mji, mwinuko wenye upepo wa baridi na nyasi nyingi, na nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo haikuwa na mtu. Ila shamba lile baba aliwaachia wote wawili, Kipara na dada yake. Kwa hiyo Kipara alijipigapiga kifua, akavuta pumzi, akampigia simu.

"Dada, shikamoo. Nataka kufuga alpaka kwenye shamba la baba."

"Marahaba. Fuga," dada alisema. "Mimi lile shamba silihitaji. Fanya unavyopenda."

Kipara alikata simu akiwa ameloa jasho. "Umesikia?" alimwambia mkewe, maana simu ilikuwa kwenye spika. "Analitaka."

"Nimesikia akisema halihitaji."

"Ndiyo. Umesikia alivyolisema kwa nguvu?"

Mkewe alimwambia ampigie tena amuulize vizuri. Kipara akampigia tena, na badala ya kuuliza akaahidi. Aliomba apewe muda mpaka atakapowanyoa mara ya kwanza. Akiuza manyoya, ataanza kumlipa dada nusu yake ya shamba. Akishindwa, hakuna lawama, wanyama wataondoka, shamba litauzwa, watagawana.

"Usijisumbue, mdogo wangu," dada alisema.

Hapo Kipara aliketi kabisa. Neno lenyewe lilikuwa limetoka. Tangu siku hiyo alilala na kuamka akijua kwamba kuna kiama kinamsubiri upande wa pili wa msimu wa kunyoa, na kwamba dada yake, kwa heshima yake, hatakitaja kamwe.

Ufugaji ulianza kwa vishindo. Mji mzima ulipata habari, kwa kuwa mji mzima ulikuwa na nywele. Wateja waliokuja kunyolewa walielezwa kwamba manyoya ya alpaka ni mepesi kuliko ya kondoo na yana joto kuliko blanketi la serikali, kwamba hii ndiyo biashara ya kesho, na kwamba wao, kwa bahati mbaya, wamechelewa. Fundi seremala wa jirani aliuliza kama mnyama huyo anatoa maziwa. Hatoi. Anabeba mzigo? Habebi, hapendi. Analinda nyumba? Kipara alisema analinda kwa namna yake, akamaliza kumnyoa haraka kuliko kawaida.

Ukweli ni kwamba alpaka walikuwa na tabia zao. Walitema mate, na hayakuwa mate ya kinywani, yalitoka tumboni kabisa, ya kijani, na harufu yake ilifika dukani kabla ya mwenye duka. Walinung'unika kutwa nzima, sauti nyembamba ya puani, kama kikao cha wajumbe ambao posho yao haijatoka. Kwa upande mwingine walikuwa wasafi wa kushangaza: walichagua pembe moja ya shamba kuwa choo, na wote watano walikwenda hapohapo, kwa zamu. Mkewe Kipara alipoliona hilo alisema kuna wodi moja anatamani kuwaleta wagonjwa wake wajifunze.

Banda alilijenga mwenyewe, likasimama kwa kuegemea mti. Ndani akatundika kioo, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kumhudumia mteja pasipo kioo. Mheshimiwa alimwona humo Mheshimiwa mwenzake, akamtemea mate usoni, akaondoka kichwa juu. Kioo kikahamishwa.

Lakini hebu tuache kejeli kidogo. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, Kipara alikuwa akipanda ule mwinuko kwa miguu, kwa vile pikipiki haikuwepo, na Mheshimiwa alikuwa akimsubiri kwenye lango. Alimsogezea shingo. Kipara alizamisha mikono humo mpaka kwenye viwiko, akakaa hivyo bila kusema neno, yeye ambaye hata usingizini alikuwa anatoa maoni. Aliwapenda wale wanyama. Aliwapenda kwa dhati, na mapenzi hayo yalimtia woga ambao hakuwahi kuupata kwa ajili ya duka. Kila manyoya yalivyorefuka ndivyo siku ya hukumu ilivyokaribia.

Mnunuzi alipatikana. Alikuwa mama mwenye karakana ya kufuma, wanawake kadhaa wanasokota uzi na kutengeneza mashali na masweta ya kuuza mbali. Alikuja mwenyewe na pikapu yake, akapekua manyoya ya Mheshimiwa kwa vidole viwili, akavuta nyuzi chache, akazinyoosha juani.

"Nitachukua yote," alisema. "Ukiwanyoa, yatie kwenye magunia, unipigie. Usijisumbue kuyaosha. Niachie machafu hivyohivyo."

Kipara alicheka kwa furaha. "Mama, machafu kweli?"

"Machafu. Mimi nina namna yangu ya kuyaosha."

Alipoondoka, Kipara alimgeukia mkewe. Alisema ameona watu wastaarabu maishani, lakini yule mama amewapita wote. Mtu ananunua mzigo mzima kwa pesa zake, bado anamwonea huruma muuzaji asichoke.

"Amesema usiyaoshe," mkewe alisema.

"Amesema nisijisumbue."

"Na kuna tofauti?"

Kipara alimtazama kwa upole. Mkewe alikuwa ametoka familia ya watu wa moja kwa moja, wanaosema ndiyo kwa maana ya ndiyo, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumlaumu kwa hilo.

Siku ya kunyoa ikafika. Kwanza alijaribu kuwaosha kabla, kama sharti lake lilivyotaka. Alimkokota dume mmoja mdogo mpaka kwenye mpira wa maji, akampaka sabuni, akamsugua, akamsuuza, na mara alipomwachia yule dume akaenda moja kwa moja kwenye vumbi akajiviringisha upande huu na upande ule, akasimama akiwa na rangi ya udongo. Basi Kipara akakubali kunyoa wachafu, jambo ambalo lilimuuma. Ila kitambaa cha shingoni hakukiacha. Mheshimiwa alinyolewa akiwa amefungwa kile kitambaa cheupe cha dukani, kamba zake zimesokotwa kwa nyuma, Kipara akimsimulia habari za kupanda kwa bei ya saruji. Alitumia mikasi ya kunyolea kondoo, na alitumia kila alichokijua. Hakumkata hata mmoja. Walipotoka bandani walikuwa wembamba ajabu, shingo kama miwa, na kila mmoja na mtindo wake, maana mkono wa fundi hauwezi kuzuiwa. Dume mdogo alikuwa na panki.

Manyoya yalipofikishwa nyumbani yalijaa sakafu ya chumba. Yalikuwa mengi, mazuri, na machafu: vumbi, nyasi, vijiti. Kipara aliyatazama akajiona akimkabidhi yule mama mstaarabu kitu kile katika hali ile. Uso ukamwaka moto kwa aibu. Akawasha jiko.

Mkewe aliporudi kutoka zamu alikuta mabeseni yamepangwa uani mpaka kwenye mlango wa choo, mvuke unapaa, na mumewe amekunja suruali mpaka magotini.

"Yule mama alisemaje?" mkewe aliuliza, akiwa bado na mkoba begani.

"Mama watoto, hebu niache nifanye kazi yangu. Nywele hizi. Kwenye nywele huwezi kunifundisha."

Aliosha. Maji ya moto kwanza. Halafu sabuni. Halafu vidole kumi, kusugua, kusugua tena, kugeuza, kusugua. Halafu maji baridi, halafu taulo. Aliosha kwa moyo wake wote, kama anavyoosha kichwa cha bwana harusi, na kila beseni alipolimaliza alilirudia. Aliona manyoya yanashikana, akasema yanakaza. Aliona yanapungua, akasema ni uchafu uliotoka. Akayaanika kwenye waya, na mpaka jioni pale kwenye waya palikuwa na vipande vikubwa, vyeupe, safi kabisa, vigumu, vinavyosimama vyenyewe ukiviegemeza ukutani.

Mama wa karakana alikuja. Alishuka kwenye pikapu, akachukua kipande kimoja, akakivuta. Hakikuvutika. Akakivuta kwa mikono miwili. Akakigonga kwa kidole, na kikatoa sauti.

"Umeyaosha," alisema.

"Kidogo tu, mama. Haikuwa taabu."

"Kwa maji ya moto. Na umeyasugua."

"Kwa mkono," Kipara alisema, na bado kulikuwa na fahari kidogo kwenye sauti.

"Baba, manyoya haya ukiyasugua kwenye maji ya moto yanang'ang'aniana, hayaachani tena mpaka mwisho wa dunia. Mimi nasokota uzi. Hapa hakuna uzi, na hautatoka." Alikirudisha kipande kwenye waya, akakinyoosha vizuri, kwa heshima. "Siwezi kuyachukua."

Kipara alisubiri. Mtu akisema siwezi mara ya kwanza, mazungumzo ndiyo yanaanza. "Mama, nilidhani unanionea haya."

"Nikuonee haya kwa nini? Mimi nanunua manyoya. Nilisema machafu kwa sababu nilikuwa nayataka machafu." Alifungua mlango wa pikapu. "Wanyama wako ni wazuri, na umewanyoa vizuri kuliko wengi. Mwakani niwekee machafu."

Akaondoka. Kipara alibaki amesimama, anatazama vumbi la gari, bado anamsubiri arudi. Hakurudi. Alikuwa amemaanisha kila neno, tangu la kwanza mpaka la mwisho, na huo mwakani alikuwa ameutaja kwa mtu ambaye hana mwakani.

Wiki ile wateja walisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, na michezo, na matangazo ya vifo. Kipara alinyoa bila maoni. Fundi seremala alimuuliza kuhusu serikali mpya, akajibiwa "labda", akatoka dukani na wasiwasi. Nyumbani mkewe hakumwambia "nilikwambia", na hilo lilimuumiza zaidi, kwani alikuwa na haki nalo kabisa. Alimwomba seremala kipande cha ubao akaandika kwa rangi nyekundu kwamba shamba linauzwa. Ubao ukakaa nyuma ya mlango, umegeuziwa ukuta. Kabla ya kuusimamisha ilibidi amwite dada, wakae, wazungumze, akubali kushindwa kwa adabu.

Dada alikuja Jumapili, moja kwa moja shambani, kwenye ile nyumba ndogo, amevaa viatu vyake vya enzi za kazi, vilivyopigwa rangi. Benchi lilikuwa gumu, na mkewe Kipara alikuwa amelitandika kipande kimoja cha yale manyoya yaliyokufa. Dada aliketi juu yake. Wakaleta chakula.

"Mimi nimeshiba," dada alisema.

Walimpakulia.

Kipara alingoja mpaka ameanza kula, kisha akaanza maneno yake, aliyoyatunga njia nzima tangu dukani. Alisema amejaribu. Alisema manyoya yameharibika, na aliyeyaharibu ni yeye, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Alisema yule meneja wa hoteli amempatia mtu wa kuwachukua wale watano. Hapo akajifanya anakohoa. Kupitia dirisha Mheshimiwa alikuwa anawatazama, shingo imenyooka, manyoya mapya yameanza kumchomoza. "Kwa hiyo shamba tunauza, Dada. Ubao ninao hapo. Upate haki yako."

"Usiuze kwa ajili yangu," dada alisema.

"Hapana, Dada. Ni haki yako, baba alituachia wote."

"Nimesema silihitaji."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kukataa. Ya tatu ilikuwa yake Kipara, malezi yote aliyopewa yalikuwa yanamsukuma mgongoni aiseme: hapana, Dada, lazima. Alishafungua kinywa. Mkewe alikuwa ameacha kutafuna, anamtazama. Na Kipara akamwona tena yule mama akifungua mlango wa pikapu, uso hauna hila yoyote, akishangaa kwamba mtu anaweza kuambiwa neno jepesi namna ile asilisikie.

Akafunga kinywa. Kazi aliyoifanya hapo ilikuwa nzito kuliko kumkokota alpaka. "Sawa, Dada," alisema. "Asante. Basi siuzi."

Akasubiri mbingu zianguke. Dada alikuwa ameshika kijiko hewani. Alikishusha. Alimtazama mdogo wake kama anavyotazamwa mtoto wa bweni aliyeamka siku moja akatandika kitanda bila kuambiwa. Kisha akaisogeza sahani mbele, polepole, mpaka katikati ya meza, na chakula bado kimejaa.

"Na mimi nimeshiba," alisema.

Mkono wa Kipara ulikuwa umeshaufikia upawa. Ulikwenda wenyewe. Aliutazama, akaurudisha mapajani. "Sawa, Dada."

Nje alpaka walikuwa wananung'unika. Dada alitoa leso akajifuta macho, jicho moja kisha la pili, bila haraka.

"Tangu nikiwa msichana," alisema. "Nasema nimeshiba, na nimeshiba kweli. Mimi tumbo langu dogo, ndivyo Mungu alivyonipa. Nikitoka kwenu silali, nakaa kitandani nimeegemea mto mpaka asubuhi. Mama amekufa hajaniamini hata siku moja." Akaikunja leso. "Na hili shamba nilikupa siku ile kwenye simu. Mwaka mzima unanipigia kuniahidi kitu nilichokwisha kukupa, nikawa najiuliza huyu mtoto ana nini."

Kipara hakuwa na maoni. Alikuwa analia, kipara chake kimeinamia meza, na mkewe alimsogezea kitambaa cha mezani. Mwaka mzima alikuwa amebeba deni ambalo hakuna aliyemdai. Alimkumbuka mama yake, na mara ya kwanza maishani akamkasirikia kidogo.

"Hiki nilichokalia ni nini?" dada aliuliza.

"Ni yale manyoya, wifi," mkewe Kipara alisema. "Yaliyoharibika."

"Kiuno hakijaniuma tangu nimekaa. Nakitaka." Alisimama, akakiviringisha mwenyewe, akakitia kwapani. Hakungoja kubembelezwa. Alionekana kama mwanamke aliyegundua mlango uliokuwa wazi siku zote. Akatoka uani, akasimama mbele ya Mheshimiwa, wakatazamana kwa kimo kilekile, na kwa namna ambayo haijawahi kuelezeka Mheshimiwa hakumtemea mate.

Kisha dada akachukua mkoba wake. "Haya, mimi naenda. Msinisindikize."

Kipara alikuwa ameshanyanyuka nusu. Akajikumbuka, akaketi. Alishika kingo za benchi kwa mikono miwili, mkewe akamshika na goti, wakamtazama mtu mzima yule akitembea peke yake mpaka langoni, na kilima chote kikimsubiri chini. Kipara alikaa. Sasa alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa.

Langoni dada alisimama. Alisimama muda, mgongo kwao, lile furushi la manyoya kwapani. Hatimaye akageuka.

"Mdogo wangu," aliita. "Sasa ndio mtaniacha nishuke peke yangu mpaka kituo cha basi?"